Baiskeli Mbili Hadi kwa Chiriku

Mama yangu akikunong'oneza siri, mtaa mzima unaijua. Si mmbea. Masikio yake aliyaacha kiwandani, kidogo kidogo kwa miaka kumi na tisa, kwenye ukumbi wa kufuma uliokuwa na mashine themanini zikigonga kutwa, na mtu asiyejisikia mwenyewe hawezi kujua sauti yake ina ukubwa gani. Majirani wamembandika jina la Redio. Analijua na analipenda. "Redio husikilizwa," huwaambia. "Nyinyi mnapiga domo tu."

Ana miaka sitini na tisa. Tunaishi wawili, vyumba viwili na kibaraza, na kama ni yeye anayeishi kwangu au ni mimi ninayeishi kwake, hilo linategemea nani amenuna siku hiyo. Binti zangu wawili wameshakua, mmoja ameolewa na mwingine anasomea uuguzi, kwa hiyo hakuna wa kutuamulia. Mimi napiga pasi hotelini: mashuka, foronya, vitambaa vya meza, sare za wahudumu. Nikirudi jioni Mama hunishika pindo la sare, huligeuza, huliinua kwenye mwanga wa dirisha na kuzikagua nyuzi kwa ukucha. "Hii ilifumwa na mtu mwenye haraka," husema. Wageni wakija nyumbani nao hufanyiwa hivyo hivyo, awe mwenyekiti wa mtaa au fundi bomba, na mimi hutamani ardhi ipasuke.

Ukitaka kuzungumza naye, mtazame, maana anasoma midomo. Ukimpa kisogo umemnyima neno, na hilo humuudhi kuliko tusi. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimgeuzia kisogo makusudi, nanung'unika yangu yote, najiona mjanja, hadi siku aliponijibu neno kwa neno. Kumbe alikuwa akiniona kwenye kioo cha kabati. Siku mbili sikuweza kukaa vizuri kwenye kiti.

Basi, wiki chache zilizopita dereva wa hoteli alipita chumba cha pasi kuchukua shati lake, akasimama mlangoni.

"Dada, si mama yako alifanya kazi kile kiwanda cha nguo cha kule kinamasini?"

"Alifanya. Kwa nini?"

"Jana nimewasindikiza wageni kule kwa baiskeli. Kuna bibi kule magofuni anauza chai na mayai ya kuchemsha. Anawaeleza watu mashine zilikuwa wapi, nani alisimama wapi. Bibi yule anaongea! Mdomo ukichoka anaendelea kwa mikono. Mwenyewe anasema anaitwa Chiriku."

Tulicheka, maana chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza. Jioni, tukiwa tunakula, nilimpa Mama habari hiyo kama kichekesho. Aliweka kijiko chini.

"Chiriku yuko hai?"

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini. Katika miaka yangu arobaini na mmoja sikuwahi kumsikia Mama akisema kitu kwa sauti ya chini, nikaogopa.

"Ni nani, Mama?"

"Ni mtu ambaye sikumwambia asante."

"Asante ya nini?"

"Alifukuzwa kazi kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza." Alikichukua kijiko, akakitazama, akakirudisha mezani. "Kesho uko zamu?"

"Kesho napumzika. Napumzika, Mama. Nimesimama siku sita mfululizo, miguu yangu hii..."

"Kesho tunakwenda," akasema Redio, na hadi nyumba ya tatu wakajua kwamba kesho tunakwenda.

Kule hakufikiki kwa gari. Zamani ilikuwa njia ya udongo juu ya tuta, ikikatiza katikati ya kinamasi, na wafanyakazi waliipita kwa miguu na kwa baiskeli. Msimu wa mvua walifika kazini na matope hadi magotini. Miaka michache iliyopita halmashauri ikaitandika lami safi, kilometa kumi na moja, ikaweka mabenchi na vibao vyenye picha za ndege, na ikapiga marufuku chochote chenye injini. Mama alipoiona lami hiyo mara ya kwanza alisonya. "Sasa ndiyo wanaitengeneza. Sasa, wakati hakuna anayechelewa kazini." Akageuza baiskeli akarudi nyumbani, na tangu hapo hakutaka kuifuata hadi mwisho. Nilidhani ni hasira ya matope ya zamani.

Baiskeli yake ni ile ile nyeusi ya enzi za kiwanda, imebadilishwa kila kitu isipokuwa fremu na ukaidi. Mimi niliazima kwa fundi baiskeli wa pale kwenye kona.

"Hii nzuri sana," akaniambia, akipangusa kiti. "Ila breki ya mbele haishiki, na ya nyuma inashika inapotaka."

"Sasa nitasimamaje?"

"Si utashuka, dada? Miguu unayo."

Tulitoka asubuhi, jua likiwa bado jepesi. Sitasema uongo, nilidhani ni mimi nitakayekuwa namsubiri njiani. Kilometa ya pili tayari nilikuwa nahema kama mvukuto, na yeye yuko mbele, mgongo wima, anakanyaga kwa mwendo mmoja usiopanda wala kushuka, mwendo wa mtu aliyezoea kuujua muda wa king'ora. Lami ilikuwa laini na baridi. Matete yalisimama pande zote mbili marefu kuliko mtu, na kila yalipoachana kidogo maji yalionekana, bata wakiwa juu yake na korongo mmoja mmoja wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Upepo ulileta harufu ya maji na majani mabichi. Mimi ambaye siku sita navuta mvuke wa pasi, nilijikuta nashukuru kimoyomoyo kwamba nina mapafu.

Shukrani hiyo ilidumu mpaka kiti kilipoanza kuniuma. Shida ya kwenda nyuma ya mtu asiyesikia ni kwamba huwezi kumwita. Raha yake ni kwamba unaweza kusema unachotaka. Nikaanza. Nilikisema kiti, nikalisema jua, nikamsema fundi baiskeli na ukoo wake, kisha nikafika kwa wazee wenye vichwa vigumu wasiojua maana ya siku ya mapumziko.

"Kichwa changu kigumu ndicho kilichokulea!" Mama akanguruma bila kugeuka.

Alikuwa amefunga kioo kidogo kwenye usukani. Nikacheka peke yangu hadi nikayumba, na breki ya nyuma, kwa kuwa sikuihitaji, ikashika.

Mbele kidogo tukapitwa na kundi la waendesha baiskeli wa mashindano, nguo za kubana na helmeti, wakipiga kengele toka mbali. Mama alikuwa katikati ya njia kama kawaida yake. Wa kwanza akapaza sauti: "Bibi, pembeni! Huna masikio?"

"Hana!" nikamjibu. "Aliyatumia kufuma mashuka uliyolalia utotoni! Wewe ya kwako umeyatumia kwa kazi gani?"

Huwa nawaka upesi, wanaonijua wanajua. Mama aliwaona kwenye kioo, akasogea pembeni, akawapungia mkono wote mmoja mmoja, "Piteni wanangu, piteni, njia pana." Yule wa kwanza akashusha kichwa, akasema samahani. Nikaona haya kidogo, lakini si sana.

Tulipumzika kwenye benchi la kilometa ya saba. Mwisho wa benchi alikuwapo bwana mmoja mwenye darubini, anamvizia ndege fulani kwenye mafunjo, na alitupa lile tabasamu la kuomba ukimya. Maskini. Mama alikunywa maji, akafunga chupa, akaanza kuniungamia kosa la miaka arobaini na mmoja kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Ndege wote waliondoka.

Mashine za mstari mmoja, alisema, ziliendeshwa na mhimili mmoja uliopita juu, kila mashine na mkanda wake wa ngozi. Mwisho wa mstari palikuwa na mkono wa chuma. Ukiuvuta, mashine ishirini zinasimama kwa mpigo mmoja, na zikisimama ghafla hivyo nyuzi zinakatika, na siku nzima inakwisha watu wakiziunganisha. Kwa hiyo sheria haikuwa na mjadala. Anayeuvuta bila amri ya msimamizi hana kazi.

Sheria ya pili ilikuwa ya wanawake peke yao. Mwenye mimba haruhusiwi kusimama kwenye mashine, na asiyesimama kwenye mashine hapati mshahara. Kwa hiyo waliificha. Kila mmoja aliificha yake na kila mmoja aliijua ya mwenzake. Juu ya sare walijifunga shuka jepesi, wakaliacha lilegee ili tumbo lisichoreke. Na nguo iliyolegea, kwenye ukumbi wa mikanda, ndiyo kitu cha kwanza anachokatazwa mfumaji mpya kabla hata hajaonyeshwa uzi.

"Ulikuwa wa miezi mitano," Mama akaniambia.

"Nani?"

"Wewe! Nani mwingine? Huyu bwana?"

Bwana wa darubini akajifanya anafuta vioo.

Mkanda uliinasa ncha ya shuka kwa nyuma. Mama anasema hakuelewa kinachotokea. Aliona tu miguu yake inakanyagia ncha za vidole, shuka limemkaba shingoni na tumboni, linamvuta juu. Alipiga kelele. Lakini kwenye ukumbi ule kelele ya mtu haikuwa kitu, ndiyo maana wafumaji wote walizungumza kwa midomo na mikono. Chiriku, aliyesimama mashine ya pili, hakumsikia. Alimwona mdomo. Alikimbia akauvuta mkono wa chuma, kisha akarudi na ule mkasi mdogo wa nyuzi ambao kila mfumaji aliuvaa shingoni, akalikata shuka, na kile kipande alichokikata akakisokomeza kifuani mwake. Msimamizi alipofika kutoka upande wa pili wa ukumbi, Mama alikuwa amesimama kwenye mashine yake, na Chiriku amerudi penye mkono wa chuma. Mashine ishirini kimya.

"Akauliza, nani? Chiriku akasema, mimi, nimeteleza nikaushika. Angesema kweli, msimamizi angeniuliza hilo shuka la nini."

"Na wewe ukasema nini, Mama?"

"Nimeshakuambia. Nilinyamaza. Akapita mbele yangu kwenda kuchukua vitu vyake, na mimi nikainama, naunganisha uzi." Alizungusha kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga. "Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Mimi hata teke sikutoa. Teke, angalau angejua nimemwona akipita."

Jioni ile aliona damu. Alikwenda zahanati, na muuguzi wa zamu, ambaye jina lake Mama hakuwahi kulijua na humwombea mpaka leo, alimlaza miguu juu, kisha akamwandikia ruhusa ndefu ya ugonjwa wa kifua asiokuwa nao. Nikazaliwa. Akarudi kwenye mashine, akafuma miaka kumi na minne mingine, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyotuweka chini ya paa Baba alipofariki. Chiriku alihama nyumba za wafanyakazi wiki ile ile ya tukio. Mwaka wa kwanza Mama aliogopa kumuulizia, msimamizi asije akashtuka. Mwaka wa pili aliona haya kwa kuwa wa kwanza hakuuliza.

"Halafu," akasema, "aibu ikikaa sana inajifanya kusahau."

Nitasema ukweli, kwanza nilimkasirikia. Nilimwona amejiinamia kwenye mashine na mwenzake anapita, na nikamwonea haya mama yangu mzazi. Kisha nikakumbuka alikuwa na miaka ishirini na minane, amening'inizwa na kukatiwa shuka muda mchache uliopita, na kile alichokuwa anakificha kilikuwa mimi. Hasira ikaisha, pakabaki kitu kizito na kitamu ambacho sikujua nikiweke wapi. Nikamshika uso nikamgeuzia kwangu ili auone mdomo wangu vizuri.

"Twende, Mama. Kawia ufike."

Tulipoziinua baiskeli, bwana wa darubini naye akasimama, ingawa ndege wake tulikuwa tumemfukuza mpaka pengine nchi jirani. "Mkimkuta," akasema, "mpeni salamu zangu."

Dohani ya kiwanda tuliiona muda mrefu kabla ya kufika, nyembamba, imekatika juu, mti mdogo umeota mdomoni mwake. Kisha kuta zikajitokeza: matofali mekundu, paa hakuna, madirisha yamebaki matundu na anga inaonekana ndani yake. Na mbele ya kuta mfereji mpana wa maji, uliokuwa ukilisha kiwanda. Na juu ya mfereji daraja lisilo na mbao.

Walikuwa wameng'oa sakafu yake yote kwa ukarabati. Zilibaki nguzo za chuma na mbao mbili tatu walizozilaza mafundi ili wapite wenyewe. Pampu ya maji ilikuwa inanguruma pembeni, na mbele yetu kizuizi, na nyuma ya kizuizi mlinzi mwenye tumbo na kofia.

"Limefungwa tangu jana. Wiki mbili."

"Kaka, tumetoka mbali," nikasema. "Huyu ni mama yangu, anataka kumwona mtu upande ule."

"Kila mtu ametoka mbali."

"Kila mtu ana miaka sitini na tisa?"

"Nimeambiwa mtu asipite, dada. Kuna shimo pale, akitumbukia ni mimi nitakayeulizwa."

Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliona upande wa pili meza ndogo chini ya ukuta, birika, na mwanamke mwembamba ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikapaza sauti. Nilipaza tena, mikono mdomoni, mpaka koo likaniwasha. Pampu ikameza yote. Nikamgeukia mlinzi nimwambie ninachofikiri juu yake na kofia yake, na Mama akanigusa bega.

"Acha kelele," akaniambia. "Kelele hazijawahi kufika pale."

Aliegemeza baiskeli. Akasogea hadi kwenye kizuizi, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaanza kufungua na kufumba vidole, haraka haraka, kama mdomo wa ndege anayedonoa.

Mwanamke wa upande wa pili aliangalia. Akaweka kikombe chini. Akasimama polepole, akaweka kiganja juu ya macho kujikinga na jua, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akalaza shavu lake juu ya mikono yake miwili iliyokunjwa, akafumba macho.

"Anasema nini?" nikamuuliza Mama.

"Ananiita." Mama aliona haya. "Kila mtu alikuwa na jina lake la mikono. Mimi nilikuwa Usingizi."

Mama yangu, anayeniamsha saa kumi na moja alfajiri na kuniita mvivu, kiwandani aliitwa Usingizi. Nililiweka hilo akiba.

Wakaanza kuongea. Mikono ilikwenda, midomo ilifunguka wazi bila sauti, nyusi zilipanda na kushuka, juu ya maji, juu ya pampu, na mimi mwenye masikio yangu mawili mazima nilisimama pale kiziwi. Nilishika machache tu ambayo Mama alinifundisha utotoni kwa mchezo. Uzi umekatika. Naenda chooni. Nishikie mashine. Mlinzi alipotusogelea kuona kuna nini, Chiriku kule ng'ambo alivimbisha mashavu na kuchora tumbo kubwa hewani, na Mama akaangua kicheko mpaka akashika kizuizi. Hilo nililijua. Msimamizi anakuja.

Kisha mikono ya Mama ikasimama. Ilibaki hewani mbele yake, haiendi popote, na uso wake ukabadilika. Nikamuuliza kuna nini.

"Halipo," akasema. "Neno la asante. Hatukuwa nalo."

Hawakulihitaji. Mwenzako akikushikia mashine leo, nawe unamshikia yake kesho, na hiyo ndiyo ilikuwa asante. Lakini Chiriku hakuwa na kesho pale. Kesho yake mashine ya pili ilisimamiwa na mwanamke mwingine, na Mama alikuwa amelala zahanati, miguu juu.

Alinishika mkono akanivuta mpaka kifua changu kikagonga kizuizi. Alijiweka mkono tumboni, mkono uliotanda wote, akaubakiza hapo ili aliye mbali auone. Kisha akauhamisha, akauweka juu ya kichwa changu. Akaurudia tena. Tumboni. Kichwani kwangu. Mimi mtu mzima, mwenye wakwe, nilisimama nimeshikwa kichwa kama mtoto wa shule, wala sikutaka autoe.

Mikono ya Chiriku ikaanguka ubavuni. Halafu akaiacha meza, birika, mayai na vyote, akaja moja kwa moja hadi kwenye zile mbao za mafundi, akazikanyaga.

"Bibi! Bibi, hairuhusiwi!" Mlinzi alikimbia. "Rudi!"

"Nimeshafukuzwa kazi hapa hapa," akajibu bila kusimama, na sauti yake ilikuwa kubwa karibu sawa na ya Mama. "Utanifukuza wapi tena, mwanangu?"

Mafundi wawili walishuka haraka kwenye nguzo, mmoja mbele yake, mmoja nyuma, wakamshika viwiko. Mlinzi alipoona hivyo alisonya, akavua kofia, akaja mwenyewe mwisho wa mbao kumpa mkono. Namshukuru. Sikumwambia siku ile, basi nasema hapa.

Walisimama wakitazamana, hawakukumbatiana mara moja. Mama alisema lile alilokuja kulisema. Alilisema kwa sauti yake yote, na mafundi, mlinzi na bata wa mfereji walisikia: "Uliniokoa na mimi nikainama chini. Naomba unisamehe. Asante."

"Nilikukasirikia," Chiriku akasema, akitamka kwa midomo wazi ili Mama asipoteze kitu. "Siwezi kukudanganya. Miaka ya mwanzo nilikutukana sana, Usingizi. Nilifua nguo za watu, niliuza mkaa, niliuza maji, niliuza kila kitu isipokuwa maneno, hayo niliyatoa bure. Na kila nilipochoka nilikutukana. Mwaka jana nimerudi kukaa katika zile nyumba zetu, kwa sababu hazina mwenyewe."

"Una haki," Mama akasema.

"Lakini si kwa sababu ya kazi. Kazi ile, nani aliipenda? Ni kwamba sikujua." Alinigeukia. Alikuwa na macho madogo, makali. "Niliambiwa umepelekwa zahanati una damu. Nikahama sijui. Miaka yote hii sijui kama nilimtoa mtu pale kwenye mkanda au nilitoa shuka tupu."

Ilikuwa zamu yangu ya kusema.

"Nilizaliwa, mama mkubwa," nikamwambia. "Ndiye mimi. Napiga pasi hotelini. Nina mabinti wawili, mmoja ameolewa, mwingine anasomea uuguzi."

"Wawili?"

"Wawili."

Alinyanyua mkono, akahesabu kwa vidole kama mtu asiyeamini hesabu yake mwenyewe, kimoja, viwili, vitatu, akavifunga vidole vile kwenye kiganja cha mkono wa pili, akavikaza. "Basi mko watatu," akasema, na hapo hapo kichwa chake kikainama, akaanza kulia.

Kwa kuwa alikuwa ameinama, Mama hakuuona mdomo wake. Alinivuta mkono. "Anasema nini? Mbona analia? Anasema nini?"

Nikamgeukia, nikajifuta uso kwanza. "Anasema tuko watatu, Mama. Mimi na wajukuu zako. Watatu aliowaokoa."

Mama aliangalia midomo yangu mpaka ilipomaliza. Kisha akamkumbatia yule mwanamke kwa mikono yote miwili, na juu ya bega lake akanijibu, kwa sauti ambayo nina hakika bwana wa darubini aliisikia kule kilometa ya saba:

"Mwambie hesabu hajui! Wanne! Na mimi je?"